Kupangusa madirisha wakati wa kusi: Nani aamue kazi isimame?

KILA mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, miji ya pwani ya Kilifi hupatwa na mambo mawili kwa pamoja. Watalii hupungua, na upepo wa kusi huingia ukiandamana na mvua za masika. Hoteli na majumba ya kukodisha katika miji ya Malindi, Watamu na Kilifi hukitumia kipindi hicho kufanya ukarabati. Kuta hupakwa rangi, makuti yaliyochakaa huezuliwa na kuezekwa mapya, na madirisha yaliyoshika chumvi hupanguswa ili wageni wa Julai wayakute yaking'aa.

Ndiyo kusema kwamba kazi za kupanda juu hufanywa kwa wingi katika miezi ile ile ambayo upepo na mvua huzidisha hatari yake. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Ni kalenda ya utalii iliyogongana na kalenda ya pepo.

Je, msafishaji wa madirisha afanye kazi hali ya hewa inapochafuka? Jibu jepesi ni kwamba asifanye. Hata hivyo, jibu hilo halimsaidii kibarua ambaye asipopanda ngazi leo halipwi leo, wala msimamizi wa nyumba aliyeahidi kwamba kazi ingekwisha Ijumaa. Makala haya yanaeleza ni hali gani hasa huifanya kazi hii iwe ya kuhatarisha maisha, ni hali gani huleta usumbufu tu, na sheria za Kenya zinasema nini kuhusu mtu anayekataa kupanda.

Majira na saa

Pwani huhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na huwa ni wakati wa jua na bahari iliyotulia. Baada ya muda mfupi wa matlai, upepo ukiwa haujaamua pa kuelekea, kusi huingia na kuvuma hadi Septemba au Oktoba. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Malindi. Vuli huja Oktoba na Novemba, nayo mara nyingi huandamana na radi.

Jambo ambalo wenyeji hulijua, ila wanakandarasi kutoka bara huchelewa kulijua, ni tofauti ya asubuhi na alasiri. Alfajiri nchi kavu huwa imepoa, na upepo wa pwani hupungua nguvu. Jua likipanda, ardhi hupata joto kuliko bahari, na upepo wa bahari huingia na kuongezea nguvu ule wa msimu. Dirisha ambalo saa moja asubuhi lingepanguswa bila shida huenda likawa halifikiki saa tisa alasiri. Msimamizi anayewaita vibarua saa nne, baada ya chai na mazungumzo, amekwisha kuipoteza sehemu iliyo bora ya siku.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali kwa ukanda wa Pwani mara kwa mara wakati wa kusi. Kiwango kinachotajwa aghalabu katika tahadhari hizo ni upepo unaozidi noti 25 kwa hesabu ya mabaharia, yaani takriban kilomita 46 kwa saa. Kwa kawaida wavuvi ndio wanaozisikiliza. Wanaofanya kazi juu ya ngazi na majukwaa huzichukulia kuwa habari za baharini zisizowahusu, na hapo ndipo penye kosa kubwa, kama tutakavyoona.

Mfano wa karibu ni kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Vimbunga huwa haba katika eneo letu kwa sababu tuko karibu mno na ikweta. Malindi iko nyuzi tatu tu kusini mwake. Hidaya kilielekea Tanzania na kudhoofika kilipofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, lakini upepo wake na mawimbi makubwa yalihisika pia katika pwani ya Kenya. Serikali ilisimamisha uvuvi na shughuli za ufuoni. Agizo hilo lilikuwa la busara. Lakini upepo ulioweza kulipindua dau haukuwa na huruma kwa mtu aliyesimama kwenye ngazi mita 300 kutoka ufuoni.

Mbona wasingoje kaskazi?

Swali hili huulizwa na wasioishi karibu na bahari. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, nao upande wa bahari katika majumba yetu ndio upande wa mashariki. Povu la mawimbi yanayopasuka juu ya mwamba hupeperushwa na kuacha vumbi jembamba la chumvi juu ya vioo, fremu za alumini na vyuma vya roshani. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo kioo hakikauki vizuri. Hubaki na ukungu unaonata vumbi lingine. Ikiachwa miezi kadhaa, bawaba huanza kula kutu, na kioo hupata mabaka yasiyotoka kwa kitambaa.

Kwa hiyo majira ambayo madirisha yanahitaji kuoshwa zaidi ndiyo majira ambayo upepo ni mkali zaidi. Kuahirisha hadi Desemba si suluhisho. Kinachowezekana ni kuchagua siku na saa, tena kwa vipimo vinavyojulikana badala ya kukisia.

Kuna suala la maji pia. Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake ni magumu, mengine yana chumvi. Ukipangusa kwayo juani, maji hukauka kabla ya kufutwa na kuacha madoa meupe. Ndiyo maana mafundi wazoefu hupendelea maji ya mfereji, yanayotoka Baricho kando ya mto Sabaki, au maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani.

Nguvu ya upepo

Upepo huwapotosha watu kwa sababu nguvu yake haiongezeki sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 20 kwa saa humpoza mtu jasho. Ule wa kilomita 40 humsukuma kwa nguvu mara nne ya huo, na humpata akiwa ameshika kifuto kwa mkono mmoja na ngazi kwa mkono wa pili. Aidha, upepo hauvumi kwa usawa. Hutulia, kisha hupiga kwa ghafla, na ni kule kupiga kwa ghafla kunakomwangusha mtu aliyekwisha kuzoea utulivu.

Majengo nayo huubadilisha. Upepo ukigonga ukuta mpana hutafuta njia pembeni, hivyo kwenye kona za nyumba na katika uchochoro kati ya majengo mawili huwa mkali kuliko uwanjani. Hili ni muhimu hasa Mtwapa, iliyo katika kaunti hii ya Kilifi, ambako majumba ya ghorofa nyingi yamejengwa yakikaribiana. Mtu aweza kusimama chini, mbele ya lango, akaona hali ni shwari, ilhali mwenzake aliye kwenye kona ya ghorofa ya tano anashindwa kufumbua macho.

Marekani imeweka kipimo katika kanuni zake kuhusu majukwaa yanayoning'inia kwa kamba za chuma kwa ajili ya kuyahudumia majengo marefu: yasitumiwe upepo unapozidi maili 25 kwa saa, ambazo ni kilomita 40, isipokuwa kwa kuyarudisha mahali pa kuhifadhiwa. Uingereza haikutaja kasi katika kanuni zake za 2005 kuhusu kazi za juu. Ilisema tu kwamba kazi hiyo ifanywe pale ambapo hali ya hewa haihatarishi usalama wa wafanyakazi.

Sasa msomaji alinganishe. Tahadhari ya Idara yetu ya Hali ya Hewa hutaja upepo wa kilomita 46 kwa saa. Jukwaa la kuning'inia, katika nchi iliyoweka kipimo, husimamishwa kwa kilomita 40. Kwa maana nyingine, siku ambayo tahadhari ya bahari imetolewa na ikatimia, jukwaa linapasa kuwa chini tangu mapema. Ngazi ya kuegemeza, ambayo haikufungwa popote ila imelala tu juu ya ukuta, haina ustahimilivu hata wa jukwaa.

Mnamo Mei 2019 mjini Oklahoma City, watu wawili wanaosafisha madirisha walinaswa karibu na kilele cha jengo la Devon lenye ghorofa 50. Upepo ulilishika jukwaa lao na kulibembeza huku na huko, likigonga na kuvunja vioo, hadi wazima moto walipofaulu kuwaokoa. Hapo palikuwa na vifaa na kikosi cha uokoaji kilicho tayari. Katika pwani ya Kilifi majengo si marefu kiasi hicho. Mengi ya Malindi na Watamu hayazidi minazi kwa kimo, na pengine ndiyo sababu hatari yake hudharauliwa. Lakini mtu hahitaji ghorofa 50 ili avunjike uti wa mgongo. Roshani ya ghorofa ya kwanza inatosha.

Mvua, umeme na jua

Mvua yenyewe si adui wa kioo kama inavyodhaniwa. Wengi huona kwamba kuosha madirisha siku ya mvua ni kazi bure. Kinachochafua kioo ni vumbi na chumvi iliyokuwa juu yake tangu awali. Matone yakianguka juu ya kioo safi hayaachi doa la kutajika. Kwa sababu hiyo, manyunyu hayawi kisingizio cha kuacha madirisha ya chini ambayo mtu anayafikia akiwa amesimama ardhini.

Taabu ya mvua iko miguuni. Vigae vya roshani, matofali ya kutandikwa uani na kuta za matumbawe zilizoota ukungu wa kijani huteleza vibaya zikilowa. Mguu wa ngazi juu ya kigae chenye maji ya sabuni hauna mshiko. Mchanga uliolowa nao hudidimia upande mmoja. Kanuni ya mafundi ni kwamba kwa kila mita nne ngazi inazopanda, mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani, na awepo mtu wa kuishika. Mvua kubwa ikianza, hata kanuni hiyo haitoshi, ngazi iteremshwe.

Kuna tabia iliyoenea katika nyumba za kukodisha ambayo inafaa kulaaniwa waziwazi: ya kumwambia mtunza nyumba asimame juu ya kizingiti cha dirisha kwa nje, pekupeku, akishika fremu kwa mkono mmoja. Haifai siku ya jua, sembuse siku ya mvua. Wenye nyumba wengi hawajui kwamba hufanywa, kwa kuwa huwa wako Milano au Nairobi. Wakirudi hukuta vioo safi na hawaulizi viliwezaje kuwa safi.

Mlingoti mrefu wa kupitisha maji, wenye brashi kichwani, umemwezesha msafishaji kubaki ardhini akaosha hadi ghorofa ya tatu. Ni kifaa kizuri. Lakini mlingoti uliolowa hupitisha umeme, na katika mitaa mingi nyaya za umeme hupita karibu na kuta kuliko inavyostahili. Upepo ukiuyumbisha mlingoti wa mita nane, ncha yake huenda mbali. Ngazi ya alumini ina hatari hiyo hiyo. Palipo na nyaya, upepo wa wastani watosha kuisimamisha kazi.

Radi haina mjadala. Sauti huchukua takriban sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Ukiona mwanga wa umeme na ngurumo ikafuata kabla hujahesabu 30, umeme uko umbali wa kilomita kumi au chini yake, na pigo linalofuata laweza kuwa ulipo. Wataalamu hushauri watu wateremke, waingie ndani ya jengo, wangoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliye juu ya paa au jukwaa la chuma asingoje kuhesabu.

Tunaposema hali mbaya ya hewa, wengi hufikiria mawingu. Februari na Machi, mwisho wa kaskazi, joto la Malindi hupita nyuzi 30 na hewa huwa nzito kwa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki. Anayepangusa kioo hupigwa na jua mara mbili, moja kutoka angani na jingine linaloakisiwa na kioo. Kizunguzungu juu ya ngazi huua kama upepo unavyoua. Upande wa mashariki uoshwe alasiri, wa magharibi asubuhi, na maji ya kunywa yawe karibu.

Wagema na mafundi wa makuti

Si haki kuyazungumzia madirisha pasipo kuwataja waliopanda juu katika pwani hii karne nyingi kabla ya vioo kuja. Mgema wa Kigiriama hupanda mnazi asubuhi na jioni, kwa vidato vilivyochanjwa katika shina, bila kamba. Hawezi kungoja mvua ipite siku tatu, kwani karara lisipokatwa upya kila siku hukauka na tembo hukoma. Shina lililolowa huteleza, na kilele huyumba katika kusi. Kila kijiji kina habari ya mgema aliyeanguka. Hawa hujiajiri, na uamuzi ni wao wenyewe.

Fundi wa makuti yuko katikati. Paa la hoteli huwa na mteremko mkali ili maji yasitulie, na fundi hukanyaga boriti na fito zenyewe. Zikilowa hazikanyagiki. Wengi wao husimama wenyewe mvua inapoanza, tena bila kuomba ruhusa, na sijapata kusikia tajiri aliyewabishia, labda kwa kuwa makuti mabichi yaliyoezekwa mvuani hayadumu. Msafishaji wa madirisha hana kinga ya namna hiyo. Kazi yake ikifanywa mvuani haiharibiki, kwa hiyo hakuna anayepata hasara akiambiwa aendelee, isipokuwa yeye.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 iliichukua nafasi ya ile ya zamani ya viwanda, na haikuishia viwandani. Inahusu mahali pote pa kazi ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Hoteli, jumba la ghorofa na ua wa mwanakandarasi vyote vimo. Hata anayejiajiri amewekewa wajibu wa kujilinda na kuwalinda wengine.

Kifungu cha 14 ndicho kinachofaa kujulikana na kila kibarua. Mfanyakazi akiwa na sababu ya kuamini kwamba hali fulani ni ya hatari kubwa au iliyo karibu, anatakiwa amjulishe msimamizi wake mara moja, na mpaka hatari hiyo itakapoondolewa mwajiri haruhusiwi kumtaka arudi hapo. Aidha, aliyeondoka mahali pa kazi kwa sababu ya hatari kama hiyo hapaswi kufutwa, kubaguliwa wala kuadhibiwa kwa ajili hiyo. Sheria hiyo haikutaja kasi ya upepo wala kiasi cha mvua. Imeiacha hukumu kwa mtu mwenye sababu ya kuamini, na mtu huyo ndiye aliye juu ya ngazi.

Katika karatasi, basi, jibu la swali letu limepatikana. Ugumu ni wa mshahara. Kibarua wa siku hafutwi. Haitwi tu tena kesho. Hakuna barua, hakuna sababu iliyotajwa, na kifungu cha 14 hakina pa kushika. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo wa 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kutarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Wasafishaji wengi hawafiki mwezi katika nyumba moja.

Kwa maoni ya mwandishi, suluhisho liko katika namna ya kukubaliana bei. Kazi ikiagizwa kwa siku, kila saa ya mvua humuumiza mpangusaji. Ikiagizwa kwa jengo zima, kwa muda wa wiki mbili badala ya siku tatu, anapata nafasi ya kuchagua asubuhi zilizotulia na kuosha madirisha ya ndani mvua inaponyesha. Hoteli iliyofunga kwa mwezi mzima wa Mei haina sababu ya kuharakisha. Gharama ya siku mbili za kungoja, ikigawanywa kwa jengo zima, ni ndogo kuliko bei ya kioo kimoja cha mlango wa roshani.

Anayeumia ana haki chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019 baada ya kesi ya miaka mingi. Mwajiri anatakiwa awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Ajali iripotiwe kwake kwa maneno au kwa maandishi, naye aifikishe kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku saba. Ikiwa mtu amefariki, taarifa ipelekwe ndani ya saa 24. Fidia ya kifo, au ya ulemavu kamili wa kudumu, hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Madai yawasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali, na anayedai atahitaji kuonyesha alikuwa akilipwa kiasi gani na nani. Kwa kibarua anayelipwa taslimu bila risiti, ujumbe wa simu wa malipo ya M-Pesa aliouhifadhi huenda ukawa ndio ushahidi pekee alio nao.